Machozi ya Mtani

"Marehemu wenu anataka chai," alisema daktari, "na mimi simpi, kwa sababu maji yameshamjaa mpaka kifuani. Sasa niambie wewe uliyemuua. Nifanye nini?"

Nilikuwa nimesimama. Tangu tanzia itoke sikuwa nimekaa kitini, nazungukazunguka tu chumba cha habari kama kuku anayetafuta pa kutagia, nikidhani ni njaa. Upande wa pili wa kioo walikuwa wanapiga wimbo wa Bi Sihaba kwa mara ya ngapi sijui, na vijana wa michezo wameinamisha vichwa, watu ambao jana ungewauliza habari zake wasingejua kama bado anaishi.

"Daktari, samahani, unaitwa nani?"

"Mbawala. Wodi ya figo. Na usiniulize kama nina uhakika. Nimempima presha, nimemshika mkono, na ameshanitukana mara mbili."

Nikaitazama Mizani ukutani. Taa iliyowaka pembeni ya jina la daktari ilikuwa ya kijani, maana yake anasema kweli. Taa ya tanzia yetu, ile niliyoipitisha mwenyewe kwa kidole changu kabla ya taarifa ya mchana, nayo ilikuwa ya kijani.  Bi Sihaba Mwinyikondo, mwimbaji ambaye mama yangu alijifungua mtoto wa tatu huku akimsikiliza, alikuwa amekufa na yuko hai, vyote kwa taa ya kijani, na tanzia ilikuwa na saini yangu, Namsifu Mshana, mhariri wa zamu, Redio Upenu.

Walio wadogo hawakumbuki, lakini zamani watu maarufu walikuwa wanauawa mitandaoni kila wiki. Mwimbaji anakufa asubuhi, mchana anaingia redioni anasema jamani mimi mzima, nipo nyumbani nakula ugali, watu wanacheka, yanaisha. Dawa ya uzushi ilikuwa kumpigia simu mwenyewe. Halafu zikaja sauti za kughushi na dawa ikachacha, maana sasa maiti yeyote aliweza kupiga simu. Kuna waziri mstaafu aliyehojiwa na redio tatu, wiki nzima, akiwa kaburini, na mahojiano yenyewe yalikuwa mazuri kuliko aliyowahi kufanya akiwa hai.

Ndipo ikaletwa Mizani. Mizani haijali sauti ni tamu au chungu, inasikiliza koo. Mtu anaposema uongo kuna nyuzi kooni zinazokaza kwa woga kabla neno halijatoka, hata awe bingwa wa uongo, na sauti ya kughushi haina nyuzi kabisa. Kwa hiyo kifo kikaanza kutangazwa kwa njia moja tu: ndugu wa karibu anapiga simu, koo lake linapimwa, mhariri anaweka kidole. Hapo hapo redio zote nchini zinachukua, na jina la marehemu linafungwa kila mahali, simu, benki, hospitali, ili matapeli wasiwahi. Tangu siku hiyo sauti yake haipimwi tena. Akipiga simu, inakatwa.

Bi Sihaba alikuwa amepiga Redio Upenu tangu mchana mpaka vidole vikamuuma. Mashine ilimjibu vizuri, kwa adabu, kwamba hii ni sauti ya marehemu, poleni sana kwa msiba.

"Anasafishwa damu mara tatu kwa wiki," daktari aliendelea. "Leo ilikuwa zamu yake. Amekuja, amelala kitandani, mashine imemwambia hayupo duniani. Nimejaribu kulala mimi, nikasema jina langu, ikanijibu figo zangu nzima, niondoke. Mama, huyu bibi anapumua kwa shida. Jioni ikimkuta hivi hivi, tanzia yenu itakuwa ya kweli."

Nilimpigia mkurugenzi. Bwana Tesha ni Mchaga na mimi Mpare, kwa hiyo kila siku tunaanza kwa kutukanana ndipo tunafanya kazi. Wala hajawahi kutukanika.

"Mpare wewe," alisema, "si mnapenda kesi? Hii hapa ya kwenu. Kifungu cha kutengua unakijua. Shahidi aseme kwa mdomo wake mbele ya Mizani: nilisema uongo. Taa ikiwaka kijani, mama anafunguliwa papo hapo, na shahidi anafungwa sauti maisha yake yote. Njia nyingine haipo."

"Na kama hakusema uongo?"

"Bibi yuko hai?"

"Yuko hai."

"Basi shahidi alisema uongo. Nenda. Na ushukuru, Mchaga gani mwingine angekueleza hayo bure."

Nikaisikiliza tena simu ya shahidi, safari hii nikiwa sina njaa wala haraka. Aliitwa Mihayo Kasubi. Mizani ilikuwa imemtambua kama ndugu wa karibu, miaka arobaini ya simu za kila wiki kati yake na marehemu. Alikuwa analia, analia hasa, kwikwi mpaka pumzi zinamwishia.

"Uwiii! Redio Upenu, niandikieni msiba! Bi Sihaba amefariki! Kafa huyu, kafa makusudi ili asije kwenye harusi ya mjukuu wangu! Nani sasa atanipikia wali wa nazi? Nakuja kurithi, jamani. Khanga zake zote ni zangu, na lile kabati la vyombo ndugu zake wasiliguse! Uwiii, Mzaramo wangu!"

Nilijishika kichwa. Mtoto wa darasa la pili angejua. Huyo ni Mnyamwezi anamlilia mtani wake Mzaramo, ni kilio cha kitani, cha kumsuta mtu kwa kukosa harusi. Alikuwa amepiga kwenye kipindi cha salamu, mahali penyewe pa utani, lakini Mizani ikisikia neno amefariki huihamisha simu yenyewe hadi kwenye meza ya tanzia. Waliotengeneza Mizani huko kwao hawana watani. Walijua mtu anayesema kweli na mtu anayesema uongo, na kwamba mwongo huogopa. Mtu anayemtania mtani wake haogopi chochote, koo lake limelegea kama la mtoto anayenyonya. Na mimi je? Mimi niliona kijani, nikaweka kidole.

*

Nilimkuta Mzee Mihayo kwenye mnada wa ng'ombe wa Pugu. Ndani ya treni viti vilikuwa wazi na bado nilisimama njia nzima, nimeshika mkoba kifuani, ndani yake kinasa cha kazi kilichounganishwa na Mizani.

Nilimsikia kabla sijamwona. Mzee mrefu mwembamba, kofia ya mkeka, kasimama juu ya gogo katikati ya vumbi, na sauti yake inazunguka uwanja mzima bila kipaza. Alikuwa anamnadi fahali mwekundu. Alimsifia pembe, akamsifia baba yake, akawatania wanunuzi mmoja mmoja, huyu mkono wa birika, yule amekuja kutazama tu maana mkewe ndiye mwenye mfuko, na kila aliyetaniwa akapandisha bei. Mwisho akapiga kelele, "Ameuzwaaa!" Kisanduku kidogo kifuani mwake kikawaka kijani na alama ya mwenye ng'ombe ikabadilika sikioni mwa fahali. Kule mnadani mali haihami kwa karatasi, inahama kwa neno la mnadi ambaye koo lake halina doa. Walikuwepo wanadi wengine, vijana, lakini wafugaji walikuwa wamejipanga kumsubiri yeye.

Nilimwamkia, nikajitambulisha. Aliposikia Redio Upenu akaangua kicheko.

"Marahaba, mwanangu, marahaba! Nimesikia mnapiga nyimbo zake kutwa. Nikasema leo Mzaramo atavimba kichwa. Salamu zangu zimemfikia?"

Hakuwa na redio pale, alikuwa anasikia tu ya wauza chai, nyimbo bila maneno ya mtangazaji. Ikabidi nimweleze. Nilipofika kwenye mashine ya kusafisha damu alikaa chini, pale pale kwenye vumbi, juu ya samadi, na kofia yake ikaanguka.

"Nimemuua Sihaba?"

"Hajafa, baba. Lakini inabidi useme kitu, na ukikisema..."  Hakuhitaji nimalizie. Mtu mwenye kisanduku kifuani anajua kufungwa sauti ni nini kuliko mimi. Kwenye mtaa wetu yupo mama mmoja aliyefungwa kwa kumsingizia jirani. Simu haimpokei. Kituo cha afya hakimwandiki. Duka likiwa la mashine ananyoosha vidole, na akipita watu wananyamaza, si kwa chuki, ni kwamba wamezoea neno lake halina kazi.

Mzee Mihayo alitazama ng'ombe waliobaki. Akatazama foleni ya wafugaji. Halafu akainuka, akajipangusa suruali.

"Lete hicho kidude."

"Baba, fikiri kwanza."

"Nifikiri nini? Mtu anakufa." Akakichukua kinasa, akakishika karibu na mdomo. "Mimi Mihayo Kasubi. Nilisema uongo."

Taa nyekundu.

Tukatazamana. Akarudia, polepole zaidi. Nyekundu. Akarudia kwa sauti yake ya mnada, ng'ombe wakageuza vichwa. Nyekundu. Nilimwona anatokwa jasho, mzee wa watu anajilazimisha kutubu, na kila akitubu mashine inamwambia wewe unadanganya.

"Kina nini hiki?" aliuliza.

"Kinasema huamini unachosema."

"Nitaamini vipi? Sikusema uongo, mwanangu! Nilitania. Huyu ni mtani wangu. Babu zangu walishuka pwani na mizigo mabegani, babu zake wakawapokea kwa maneno ya shombo, mpaka leo. Nimzike mara ngapi ni haki yangu, na yeye anizike. Mwaka juzi aliniletea sanda nyumbani, akanipimisha mbele ya wakwe!" Alikuwa anapiga kelele sasa. "Andika hivyo. Andika nilitania."

"Hakuna pa kuandika hivyo. Kuna kweli na kuna uongo."

Akanirudishia kinasa kana kwamba kimemuunguza. Kisha akamwita mnadi mmoja kijana, akamvua kofia, akamvika ya kwake, akamkabidhi gogo. "Twende hospitali," akaniambia. "Labda nikimwona koo litalegea."

*

Bi Sihaba alikuwa ameegemezwa kwenye mito mitatu kwa sababu akilala anazama. Miguu imevimba, inang'aa. Midomo ilikuwa na rangi niliyowahi kuiona kwa watu wawili tu, na wote nimewazika. Redio ndogo ilikuwa inalia kwenye stuli na kiongozi fulani alikuwa anaeleza jinsi walivyokuwa karibu, yeye na marehemu, tangu utoto.

"Huyu nimemjua lini?" alisema Bi Sihaba. Alisema kwa vipande, neno na pumzi, neno na pumzi. "Sikiliza anavyolia. Na taa yenu hiyo?"

"Rambirambi hazipimwi, bibi," nilimwambia. "Zingepimwa tungekosa vipindi."

Alitaka kucheka, akakohoa badala yake. Nilikuwa nimemwacha Mzee Mihayo kwenye benchi la nje ili kwanza nizungumze na bibi peke yangu, kwa sababu ndani ya treni wazo lilikuwa limeniingia na lilikuwa linanitafuna. Koo la Mzee Mihayo lilikuwa linakaza kwa sababu alikuwa anaungama kwa dhati jambo asiloliamini. Lakini akitania, Mizani inamwamini kila neno. Ilimwamini alipomuua Bi Sihaba. Itamwamini hivyo hivyo akisema nilisema uongo, ili mradi aseme akiwa anamtania.

Nilimweleza. Daktari Mbawala alikuwa amesimama mlangoni anasikia.

"Wewe mchokoze tu, bibi. Atajibu, hawezi kuacha kujibu. Mimi nitanasa."

Bi Sihaba alijiinua kidogo kwenye mito.

"Mimi nimekula kwa sauti," alisema. "Tangu msichana. Nimelea watoto wa watu kwa koo hili. Unajua yule ana watu wangapi nyumbani? Unataka nimfumbe mdomo mtani wangu ili mimi nipumue?"

"Alikuwa tayari mwenyewe, bibi. Kule mnadani alisema mwenyewe, zaidi ya mara moja."

"Alikuwa tayari kwa akili yake. Wewe unataka kumchukulia akiwa anacheka. Hapana. Mwite nimuage, na kidude chako kikae mbali."

Nikamwita. Mzee Mihayo aliingia akiwa ameshika kofia ambayo hakuwa nayo, mikono imekumbatana hewani. Alipoiona ile miguu, uso ukamvunjika. Aliniomba kinasa. Akapiga goti pembeni ya kitanda, akasema, "Nilisema uongo, Sihaba, nisamehe," na machozi yakidondoka kwenye shuka, na taa ikawaka nyekundu. Akasema tena. Nyekundu.

Simu yake ikaita. Alikuwa mkewe, nilisikia sauti ya mwanamke anazungumza haraka, anauliza kama ni kweli wanavyosema mnadani, watakula nini, mjukuu ndiyo kwanza ameolewa, wakwe watasema wameoa kwa mwongo. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nimesikia, mama Kabula," akakata.

"Chukua," akaniambia, akininyooshea kinasa. "Zima. Nilijaribu kwa moyo wangu wote na koo limekataa. Labda Mungu mwenyewe ananizuia. Nina watu, mwanangu. Sijaribu tena."

"Sawa, baba. Nimezima."

Nikakitia mfukoni. Sikukizima. Tangu mchana watu walikuwa wanatuhumiana uongo na huo ndio ulikuwa wa kwanza kusemwa, na niliusema vizuri, bila kumeza mate.

Alivuta stuli, akashusha redio sakafuni, akakaa.  Bi Sihaba alikuwa amefumba macho, kifua kinapanda na kushuka kwa kishindo, na yule mzee analia kimya, anafuta pua kwa mkono wa shati. Mimi nilikuwa nahamisha uzito mguu huu, mguu ule. Nilitamani kukimbia. Nilitamani mtu mwingine awe mhariri wa zamu.

"Mnyamwezi," alisema Bi Sihaba bila kufumbua macho.

"Naam."

"Mbona unalia kimya? Kwenye simu ulilia... mpaka redio ikaamini. Hapa mbele yangu... unalia kama mtu aliyeibiwa jogoo."

"Acha, Sihaba."

"Khanga zangu... nimeshampa jirani."

Mzee Mihayo alinyanyua kichwa. "Jirani gani?"

"Yule Mluguru. Na kabati."

"Kabati langu?"

"Kwa hiyo ulikuwa unalilia kabati. Unaona? Hukunililia mimi. Mwongo wewe."

Nilimwona anabadilika. Mabega yalishuka, mgongo ukanyooka, na jicho lake, ambalo bado lilikuwa na machozi, likaingiwa na cheche. Alikuwa anampa mgonjwa kitu pekee alichokuwa nacho, na mgonjwa alikuwa anampa yeye hivyo hivyo. Mkono wangu ulikuwa mfukoni.

"Ee, nilisema uongo!" Mzee Mihayo alisema, na sauti ya mnada ikarudi, ikajaa wodi nzima. "Mimi Mihayo Kasubi nilisema uongo, mnisikie! Nilisema Sihaba amekufa. Uongo mtupu! Mzaramo anakufa? Mzaramo akisikia ngoma kaburini si anatoka na sanda? Nilisema uongo, nilitaka kabati!"

Bi Sihaba alicheka. Kicheko kikawa kikohozi, kikohozi kikaleta povu la rangi ya waridi mdomoni. Kinasa kikatetemeka kwenye kiganja changu. Nilikichungulia. Kijani.

Kilikuwa kimebakiza kidole changu tu.

Nataka kusema nilifikiri sana. Nilifikiri kidogo. Nilifikiri kwamba mchana mashine ilichukua utani wa huyu mzee ikaufanya kiapo kwa kutojua, na sasa mimi, ninayejua, mwenye watani wangu mwenyewe, nakwenda kufanya lile lile kwa makusudi. Nilifikiri kwamba amesema wazi hataki. Nilifikiri kwamba bibi amekataa, na kwamba kifo ni chake, ana haki ya kukichagua. Kisha nikaiona kucha ya kidole chake, jinsi ilivyokuwa nyeusi, na Daktari Mbawala akiruka kutoka mlangoni na mashine ya kunyonya makohozi, akipiga kelele, "Sasa! Kama kuna kitu mnafanya, ni sasa!"

Nikaweka kidole.

Mashine ya kusafisha damu iliamka na mlio mwembamba. Ikasema, kwa ile sauti yake ya adabu, "Karibu, Sihaba Mwinyikondo."  Daktari aliita wauguzi, wakamfunga mirija, wakafungua vali, damu ikaanza kutoka na kurudi. Nje ya wodi mtu alisikia, akapiga vigelegele, na wodi ya pili ikajibu, na ya tatu. Redio ya sakafuni ikakatiza wimbo katikati. Mzee Mihayo alipiga makofi, akanishika mabega, akanitikisa.

"Imetubu! Mashine imetubu yenyewe! Nilikwambia, Mungu hakutaka niseme!"

 Alitoa simu yake, akaisogeza mdomoni. "Mpigie mama Kabula," akasema. Simu ilikaa kimya. Akasema tena, kwa sauti zaidi. Akaitazama, akaifuta kwenye shati, akasema mara ya tatu. Kisha akashusha macho kwenye kisanduku cha mnada kifuani mwake. Taa yake ilikuwa imezimika kabisa, haikuwa kijani wala nyekundu.

Akageuka akanitazama mfukoni.

Nilitoa kinasa, nikakiweka miguuni pa kitanda. Nikakaa sakafuni karibu na redio. Ndiyo mara ya kwanza kukaa tangu tanzia itoke.

"Baba," nilisema, "nitarekebisha. Nitasema hewani. Nitawaambia watu kwamba ulikuwa unatania na mimi nikakunasa kwa siri. Nikisema hivyo taa itakuwa kijani, ni kweli tupu. Watakufungulia."

"Na huyu?"

Nilipunguza sauti ya redio.

"Ukisema hivyo, huyu inakuwaje?"

"Kiapo kinabatilika. Tanzia inarudi."

"Mashine inafungwa tena."

"Ndiyo."

"Leo?"

"Siku yoyote nitakayosema."

Alikitazama kitanda. Bi Sihaba alikuwa amelala sasa, usingizi wa kweli, na midomo yake imeanza kurudia rangi ya midomo. Hakuwa anajua bado. Alifumba macho akiamini kwamba walikuwa wanataniana tu, wawili, kama miaka yote.

"Basi usiseme," akasema Mzee Mihayo. "Wala yeye usimwambie, nitamwambia mimi kwa mdomo wangu. Yeye atanisikia hata bila taa." Akamfunika mgonjwa miguu. "Tangazo la kutengua anasoma nani?"

"Mimi. Kwenye taarifa ya habari ya jioni."

"Linasemaje?"

"Kwamba Bi Sihaba yu hai. Na kwamba shahidi ni mwongo." Nilimeza mate. "Na jina."

"Soma jina lote. Mihayo Kasubi, wa Pugu mnadani. Kuna Mihayo mwingine kule Tabora, binamu yangu, mtu wa heshima. Wasije wakamdhania yeye."

"Nitasoma lote. Baba, nisamehe."

Alivua kamba ya kisanduku shingoni, akaizungusha taratibu kukizunguka, kama mtu anayefunga kitu atakachokiweka kwa muda mrefu, akakitia mfukoni. Hakuwa amekasirika, na ningependa angekasirika. Alinitazama kama anavyomtazama mnunuzi mgeni asiyejua bei za pale.

"Angenifunga Sihaba," alisema, "ningecheka. Hata angenifunga kwa hila kama hii hii, ningecheka, ningemdai fahali mmoja mbele ya watu, angekataa, tungetukanana mpaka tuzikane kweli. Yeye ana haki hiyo kwangu." Akavuta stuli, akanipa mgongo, akamgeukia mgonjwa. "Wewe na mimi hatuna utani, mwanangu."

Nikachukua kinasa changu nikaenda kusoma habari.